Supu ya Bwana Vema

Walikuja wawili kunialika, walimu wa chuo, vijana safi, wameniamkia kwa heshima zote. Niliwakaribisha ndani nikawatilia chai ya maziwa, maana mtu akifika kwangu hatoki na kinywa kikavu hata kama amekuja kuniudhi. Wakaniambia chuo kinafanya sherehe ya kukumbuka kilikotoka, wageni watatoka Moshi mjini na mbali zaidi, ukumbi umepakwa rangi, na ukutani zitatundikwa picha za wakuu wote wa chuo tangu yule wa kwanza. Mimi, kwa kuwa ni mjane wa Mwalimu Anaeli, nitakuwa mgeni maalumu, nitakaa mbele. Mume wangu alikuwa hajamaliza mwaka ardhini. Ukikaa pale walipokaa wao unaliona kaburi lake dirishani, kati ya migomba na mibuni, na masale, ile mimea yetu ya makaburini, yamepandwa pembeni yake. Nikawauliza kama picha yake itakuwamo. Wakatazamana. Yule mdogo akasema, kwa adabu kabisa, kwamba picha ni za waliokuwa wakuu tu. Nikasema sawa, nitakuja. Walipoondoka nilikaa na vikombe vyao mbele yangu, na kile kinyaa nilichodhani kimezeeka pamoja nami kikanirudia upya.

Mwaka kilipoanza kinyaa hicho ulikuwa wa enzi za Mwingereza, baada ya vita kubwa, kahawa ina bei na kila mtu kihamba chake, shamba la ukoo la migomba na mibuni, kinampa jeuri. Nilikuwa nimeolewa karibuni, Aika wangu bado wa kubebwa mgongoni. Chuo chetu kilikuwa cha kufundisha walimu, mteremkoni upande wa Machame: wanafunzi Waafrika, walimu karibu wote Waafrika, mkuu Mzungu. Mzungu huyo tulimwita Bwana Vema, kwa sababu ukimwambia mvua imenyesha anasema vema, ukimwambia ng'ombe amekufa anasema vema sana. Basi Bodi ya chuo, mabwana waliokuwa wakikutana mjini, wakatangaza kwamba Bwana Vema anakaribia kustaafu, kwamba atakayemfuata atakuwa Mwafrika, na kwamba mwaka mmoja mzima Bwana Vema atamwandaa huyo Mwafrika. Jina likasomwa kanisani: Mwalimu Anaeli. Watu walinishika mikono mpaka ikauma. Mimi peke yangu nililitazama vibaya lile neno. Kwa Kiswahili nilichofundishwa, meza ndiyo huandaliwa, na chakula huandaliwa. Nikamwambia mume wangu, "Baba Aika, mtu akiandaliwa, uliza kwanza nani anakuja kula." Akacheka sana. Mwaka ule ulipoanza alikuwa bado mtu wa kucheka kwa urahisi.

Tukahamishwa kutoka kihambani kwetu, tukapewa chumba nyuma ya nyumba ya mkuu, ili Mwalimu ajifunze kwa karibu. Chumba hicho kilikuwa stoo ya viazi. Walikipaka chokaa, wakaweka kitanda na kijimeza, lakini harufu ya kiazi kilichooza haiogopi chokaa. Iliingia kwenye blanketi, ikaingia kwenye nywele za mtoto, na mpaka leo nikimenya kiazi kibovu naiona ile dari. Asubuhi mume wangu alivaa suti aliyoshonewa na fundi Athumani kule mjini, suti ya kijivu yenye kizibao, akaenda ofisini kwa Bwana Vema. Nilidhani anakaa naye meza moja. Siku niliyompelekea mwavuli ndipo nilipoona: alikuwa amewekewa kiti kando ya mlango, na mgeni akija yeye ndiye anayefungua, na mgeni akitoka yeye ndiye anayefunga. Funguo za makabati hakuzishika hata mara moja. Mwalimu yupi aajiriwe, mwanafunzi yupi afukuzwe, Bodi imeombwa nini, hayo yakianza kusemwa aliombwa kwa upole akaangalie kama kengele imepigwa. Akirudi anakuta mazungumzo ni ya hali ya hewa. Nilipomwuliza anajifunza nini mlangoni, alisema kila kazi ina mwanzo wake.

Alichofundishwa hasa ni kula. Sisemi kwa utani. Kila siku ya juma jioni, kabla giza halijaingia, aliitwa meza kuu, na mimi nikaitwa pamoja naye kwa sababu mke wa mkuu ajaye naye lazima aandaliwe. Memsabu, mke wa Bwana Vema, alikuwa mwembamba, mwenye shingo nyekundu, na alitufundisha kwa kugonga meza kidogo kwa ukucha tulipokosea. Uma huu wa samaki, uma huu wa nyama, kitambaa hiki cha kufutia mdomo lakini usifute, gusa tu. Supu ichotwe kwa kwenda mbele, kijiko kisielekee kwako, ati anayechota kuelekea kwake anaonekana ana njaa. Nami nilikuwa na njaa. Nyumbani kwetu saa hiyo watu wanakunywa mtori, ndizi zimepondwa na nyama, bakuli linashika joto mpaka tumboni. Pale mbele yangu kuna maji ya kijani na kipande cha karoti. Kisha kabichi iliyochemshwa mpaka ikakata tamaa. Kisha paja la kondoo, na Bwana Vema anamshika mume wangu mkono kumfundisha kukata nyama. Mchagga! Mtu aliyejua tangu utoto kila kiungo cha mnyama ni cha nani na akikosea kugawa ukoo mzima utamsema, leo anafundishwa kukata vipande vyembamba vya kuonea mwanga. Alivikata, akaambiwa vema. Baada ya kula memsabu aliweka sahani chini, jibwa lao la manyoya likazilamba moja moja, likazifuta vizuri, ndipo zikaenda kuoshwa. Zile zile. Kesho yake nimewekewa kabichi juu yake. Nilikula huku nimebana pumzi, na nikirudi stoo nilitapika nyuma ya tangi la maji. Memsabu akadhani nina mimba nyingine, akatupongeza.

Chai ya Jumatano ilikuwa tofauti kidogo, na mume wangu aliipenda. Bwana Vema alimkalisha barazani na kumwuliza mila za kwetu. Nani anaketi wapi kwenye ngoma, kwa nini mwenye pombe huonja kwanza kabla ya mgeni, mahari inapelekwaje. Hapo mume wangu alikuwa yeye ndiye mwalimu, na ungemwona alivyonyooka kitini. Mimi nilikuwa naketi ngazini na mtoto, nasikia. Jumatano moja wakafika kwenye isale. Kwa msomaji asiye wa kwetu, isale ni jani refu la kijani la mmea tunaopanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu vibaya, unamchukua mzee mmoja awe shahidi, unakwenda na isale, unamkabidhi uliyemkosea. Akilipokea, kosa limekwisha. Halisemwi tena, si hadharani wala chumbani, mpaka kufa. Bwana Vema aliweka kikombe chini. Akauliza, "Na akikataa kulipokea?"

"Hakatai, Bwana," alisema mume wangu.

"Hata kama kosa ni kubwa?"

"Hata likiwa la damu. Anayekataa isale, watu wanamwogopa."

"Vema," alisema Bwana Vema. "Vema sana."

Hakuuliza zaidi. Hakuuliza kama anayelileta lazima kwanza alitaje kosa lake kwa kinywa chake, maana huwezi kusamehewa kitu usichokitaja. Na mume wangu hakusema, kwa kuwa kwetu jambo hilo ni kama kumwambia mtu avue viatu kabla ya kuoga. Nimekaa na Jumatano ile miaka mingi. Bado naiona ile sukari aliyokuwa akiikoroga, anakoroga na imekwisha kuyeyuka.

Karibu na mwisho wa mwaka mabwana wa Bodi walipanda mlimani na wake zao kula chakula cha jioni, na sote tulijua ndiyo siku ya mume wangu kuonekana. Suti ilipigwa pasi. Niliambiwa nisaidie kwenye kile chumba kidogo cha vyombo kati ya jikoni na meza, kwani viti vya wake vilikuwa vimejaa, hilo nililimeza. Mume wangu akaingia, nikasikia viti vinavutwa, nikachungulia. Watu wote wameketi, yeye amesimama. Memsabu akamwambia kwa sauti tamu kwamba meza imekuwa ndogo, na kwamba wageni wangefurahi kuona alivyojifunza, kwa hiyo tafadhali Mwalimu awagawie supu. Akashika lile bakuli kubwa. Mkuu mtarajiwa wa chuo, na kizibao chake, akazunguka meza akichota upande wa kushoto wa kila mtu, bila kumwaga tone. Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya wasichana lakini masikio yangu yalikuwa mazima. Bwana mmoja mwenye miwani alisema huyu ni mzuri ajabu. Mwingine akasema ndiyo, ana subira, baada ya miaka ishirini hivi watakuwa tayari. Bwana Vema akasema, wakati supu yake inatiwa, kwamba watu hawa hawana kinyongo, ukiwajua. Wakala. Mume wangu alikuja kwenye chumba cha vyombo kurudisha bakuli, akaniona, akatazama pembeni. Nikachukua kile kilichobaki cha ile supu nikakimwaga kwenye sufuria la mbwa.

Habari ya supu ilishuka mlima kabla ya jua la kesho yake. Walimu wenzake walikasirika kuliko yeye. Walikuja wakasimama nje ya stoo yetu, wakasema wako tayari kuweka chaki chini chuo kizima mpaka Bodi ieleze, wanangoja neno lake tu, kwa sababu aliyefedheheshwa ni yeye na hawawezi kumtangulia. Akawaomba wampe nafasi ya kufikiri. Na alikuwa anafikiri kweli. Alikuwa ameacha kucheka, na nilijua moyoni mwangu kwamba atasema ndiyo.

Ndipo Bwana Vema alipotutembelea. Miezi yote hakuwa amekanyaga kile chumba. Alikuja mchana, kofia mkononi, na nyuma yake Mzee Lazaro, mzee wa kanisa tuliyemheshimu wote, amevaa koti lake la ibada. Mkononi mwa Bwana Vema kuna isale. Alikuwa amelichuma kwenye ua wa chuo na kulikata ncha zote mbili kwa mkasi, limenyooka vizuri, kitu ambacho sijakiona kabla wala baada. Akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Mwalimu, nimekukosea. Nakuomba unisamehe." Mume wangu alisimama. Nilimwona anangoja, kidogo tu, kama mtu anayengoja sentensi imalizike. Haikumalizika. Basi akalipokea kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona Mzungu anamletea Mwafrika isale, tena kwa ajili ya supu. Mimi mwenyewe nililia. Nikamletea Bwana Vema maziwa na ndizi mbivu, akala akiwa amesimama, akasema vema. Jioni ile walimu wakaambiwa mambo yamekwisha, na wakaona fahari, wakasema Mzungu huyu amekuwa mtu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Bwana Vema akasoma tangazo la Bodi. Mkuu mpya ameteuliwa, ni kijana kutoka Uingereza, atafika na meli inayofuata. Mwalimu Anaeli, kwa jinsi alivyoandaliwa vizuri, atakuwa msaidizi wake, na kazi yake ya kwanza itakuwa kumfundisha huyo kijana nchi, watu na chuo. Baadaye Mzee Lazaro alituambia, uso umemshuka, kwamba uteuzi ulikuwa umepita tangu kabla ya chakula kile; na kwamba alipomwuliza Bwana Vema njiani anaomba msamaha wa nini, alijibiwa kwa mkono tu, kuelekea nyumba kubwa. Mzee akadhani ni msamaha wa yale ya mezani. Yaani alileta isale kabla kosa halijatangazwa. Alimtoa mtu msamaha mfukoni kwanza, ndipo akamwibia. Nimeona watu wabaya maishani mwangu, nimeona wanaopiga na wanaodhulumu mashamba, lakini huyu alichukua kitu kisafi tulichokuwa nacho, tulichomwonyesha sisi wenyewe kwa upendo, akakitumia kama kitambaa cha meza. Nikilitaja hadi leo mate ya kinyaa hunijaa mdomoni.

Walimu wakarudi, safari hii wengi zaidi. Chaki chini, walisema, sema neno. Mume wangu akasimama mlangoni pa stoo akawaambia hana neno. Amepokea isale. Wakabishana naye kwamba lile lilikuwa la supu. Akasema halikuwa la supu, halikutajwa la nini, na yeye alilipokea lilivyo. Wakaondoka mmoja mmoja, wengine hata kwaheri hawakutoa. Tulipobaki wawili nilimwambia alirudishe, alipeleke likatupwe mlangoni kwa yule mtu. Akasema isale halirudishwi. Nikamwambia basi ungemwuliza, Baba Aika, siku ile ungemwuliza kosa gani, neno moja tu. Akakaa kitandani. Alinijibu taratibu, na hili ndilo jibu lake la mwisho juu ya jambo lile maisha yake yote: "Nilifundishwa mwaka mzima, Mama Aika. Mezani kwa watu huulizi unachotiliwa." Mungu anisamehe, kwa siku kadhaa nilimwonea kinyaa hata yeye.

Yule kijana akaja, mwekundu wa jua, hajui hata kusema hujambo. Mume wangu alimwandaa. Na kumwandaa alimwandaa kweli: alimwonyesha funguo zote, alimwambia mwalimu yupi ni mgomvi na yupi ana nyumba ya matatizo, mkulima yupi akisema Bodi husikiliza. Kwa mwaka mmoja kijana akawa mkuu hasa. Yeye ndiye wa pili ukutani leo, anatabasamu. Sisi tulihamishwa, mume wangu akapelekwa kufundisha shule huko Rombo, mahali panapoitwa Mkuu. Watani wakasema hatimaye Anaeli amefika Mkuu. Alicheka nao, cheko fupi. Uhuru ulikuja ukamkuta kule, wakatafutwa wasomi vijana wenye vyeti vya Makerere, na yeye akazeeka na chaki zake. Sikuwahi kumsikia akimtaja Bwana Vema, kwa wema wala kwa ubaya. Watoto wakiuliza mbona hanywi supu, alisema haimkubali.

Sherehe ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Aika alinipeleka, nikakaa mbele na khanga zangu mpya. Ndafu alikuwa mezani, mbuzi mzima kabanikwa na jani mdomoni, na kiburu cha ndizi na maharage, harufu yake inatembea ukumbi mzima. Picha zilifunuliwa. Ya kwanza Bwana Vema, na chini yake wameandika kwa dhahabu: Mwandaaji wa Viongozi Waafrika. Watu wakapiga makofi. Mkuu wa chuo wa sasa, mwenye udaktari, mtoto mzuri wa kwetu kabisa, akaniomba niseme machache ya shukrani juu ya mzee yule. Nikasimama. Nilisema, "Marehemu mume wangu alipewa isale na mtu huyu, akalipokea, akanyamaza mpaka tulipomzika. Isale lile alipewa yeye. Mimi sikupewa." Kisha nikasimulia, kama nilivyowasimulia ninyi: viazi, mbwa, supu, mkasi. Sikuinua sauti. Nilipokaa hapakuwa na makofi, palikuwa na mlio wa vijiko tu jikoni.

Mkuu wa chuo akatoka nje. Niliona kupitia dirisha anainama kwenye ua, na akarudi na isale mkononi, amelifunga fundo la kwetu, amemshika mkono mzee mmoja awe shahidi. Amelelewa vizuri, nilimwambia Aika hivyo. Akaja mpaka mbele yangu, akapiga goti, akalinyoosha kwa mikono miwili, na ukumbi wote ukashusha pumzi, maana walijua Bibi hawezi kukataa. Nikaingiza mikono yangu ndani ya khanga.

"La kosa gani, mwanangu?"

"La yote, Bibi."

"Yote si kosa. Litaje."

Akageuka kuitazama ile picha, na maandishi yake ya dhahabu, na mabwana wa Bodi ya sasa walioketi chini yake. Kisha akainama karibu nami akasema kwa sauti ndogo, jani bado limenyooshwa, "Bibi, wageni wanasubiri chakula."

Nikamwambia aende akawaandalie.